Simba wa Witu na Mizani ya Kupimia Serikali

Msafiri atokaye Garsen, akauvuka Mto Tana na kushika njia ya Lamu, hupita Gamba, akakatiza nyika na vichaka, hata akaingia Witu. Zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi na matope, ikikatika kila mto ulipofurika. Siku hizi imetiwa lami. Njiani pana mahali paitwapo Lango la Simba. Kama simba huyo ni mnyama au ni mtu, hilo nawaachia walimu wa historia wajadiliane na wazee wa huko. Mimi leo nina haja na mtu, naye ni Ahmad bin Fumo Luti wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana pwani nzima kwa lakabu ya Simba, mtawala wa Witu katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Nimeongozwa kwake na mjadala wa wanafunzi. Mwalimu mmoja wa historia aliwapa vijana wake hoja waijadili: je, Simba alikuwa mtawala mwema au mkuu wa wanyang'anyi? Upande mmoja ulimlinganisha na Waingereza waliokuja baada yake, ukamtukuza. Upande wa pili ulimlinganisha na masultani wa Unguja, ukamdunisha. Kengele ililia kabla ya pande hizo mbili kukubaliana. Niliposimuliwa habari hiyo nilitambua kwamba vijana wale walikuwa wakifanya darasani yale yale tufanyayo sisi watu wazima kila uchaguzi unapokaribia, yaani kutoa hukumu kwanza, kisha kumtafuta wa kulinganishwa naye. Atakaye kuisifu serikali huichukulia jirani dhaifu. Atakaye kuikashifu huichukulia jirani tajiri. Wote wawili husema kweli, na wote wawili hutupoteza.

Basi na tumtazame Simba mwenyewe, tuone ni mizani gani imfaayo.

Alizaliwa katika nyumba iliyokuwa inaporomoka. Nabahani walikuwa watawala wa Pate kwa karne nyingi, na zama za baba zake mji huo ulikuwa umezoea kuamrisha miji mingine ya visiwani. Lakini mnamo mwaka wa 1812 majeshi ya Pate, yakisaidiwa na Mazrui wa Mombasa, yalishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu, kwa kuhofia kisasi, ikamwita Sayyid Said wa Oman aje kuilinda. Mlinzi alikuja, naye hakuondoka tena. Tangu hapo kila mgogoro wa Pate ulikuwa na mkono wa Busaidi ndani yake: mtawala huyu akiungwa mkono na Unguja, yule akiungwa mkono na wapinzani wa Unguja, na wenyeji wakichinjana baina yao.

Waliosimama imara zaidi ni watu wa Siyu chini ya Bwana Mataka. Mwaka wa 1845 jeshi la Sayyid Said lilipigwa huko, hata jemadari wake, Hamad bin Ahmad, akauawa. Ni katika dunia ya namna hiyo Simba alipopata utu uzima, na ndimo alimojifunza siasa: kwamba mji mdogo waweza kuitia dola kubwa aibu, lakini pia kwamba dola kubwa ina subira, na hurudi. Majid bin Said aliporithi kiti cha Unguja alirudi kweli. Siyu ikasalimu amri mwaka wa 1863, na mwana wa Mataka akaishia kifungoni katika Ngome ya Yesu huko Mombasa.

Simba hakungoja pingu. Alivuka bara, akakaa kwanza Kau, kwenye Mto Ozi, si mbali na Kipini. Kau palikuwa mahali pa biashara, ambapo mitumbwi ya Wapokomo ilishusha mazao ya mtoni, na wachuuzi wa pwani wakileta nguo na chumvi. Lakini Kau pia palifikika kwa jahazi, na palipofikika kwa jahazi palifikika kwa mzinga wa Unguja. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1860 alirudi nyuma zaidi, akaingia msituni, akajenga Witu.

Hapa ndipo maisha yake yanapokuwa ya ajabu, maana mtu aliyepoteza ufalme wa visiwani, akiwa na wafuasi wachache na bila bandari ya maana, aliunda dola mpya. Je, aliipata wapi raia?

Jibu ni kwamba raia walimjia wenyewe. Bara ya Lamu, kuanzia Mkonumbi hadi Mpeketoni na Hindi, ilikuwa imejaa mashamba ya matajiri wa visiwani, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mtumwa aliyetoroka shambani zamani alikuwa na mahali pachache pa kukimbilia. Witu ilipoanza, alipata mji wenye boma la magogo, uliozungukwa na msitu mnene, wenye mtawala aliyekuwa adui wa bwana wake. Aliyefika hakurudishwa. Watoro wakawa wakulima, wakawa askari, wakaanzisha vijiji pembezoni mwa msitu. Pamoja nao walikuja Waswahili waliokosana na Unguja, na mji ukafungamana kwa biashara na mapatano na Waboni na Wadahalo wa mwituni, na Waorma na Wasomali wafugaji. Ulikuwa mkusanyiko wa waliokosa kwao.

Sasa tumweke Simba kando ya Sultani wa Unguja wa zama zake, Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Ukilinganisha majengo, hakuna shindano. Barghash alijenga Beit al-Ajaib, akaleta maji safi mjini kwa mabomba, akanunua meli. Simba alikuwa na nyumba za miti na makuti na lango la mbao nzito. Mwanafunzi aliyemdunisha Simba kwa hoja hiyo hakukosea hesabu. Alisahau tu kuuliza fedha zilitoka wapi. Barghash alikusanya ushuru wa pwani ndefu, karafuu na pembe zikipita mlangoni pake, na ushuru huo ukikodishwa kwa wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi waliomlipa fedha taslimu kila mwaka. Simba hakuwa hata na forodha moja isiyo na mgogoro. Kumpima mwenye kibaba kwa pishi ya jirani yake si kupima.

Ukilinganisha sheria, Barghash atashinda tena. Mwaka wa 1873, akiwa ametishwa na manowari za Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha kuwasafirisha kwa bahari. Mwaka wa 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Simba hakutoa tangazo lolote linalokumbukwa. Hata hivyo, mtumwa wa Mpeketoni hakukimbilia Unguja yenye matangazo, bali alikimbilia Witu isiyo na tangazo. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja hadi 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi 1907. Kati ya 1873 na 1907 ni miaka 34, muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa shambani, kukua, kuoa na kuzaa, huku sheria nzuri zikisomwa mijini. Watoro walilinganisha kwa miguu yao, na mlinganisho wa namna hiyo hauhitaji mtu wa kuutafsiri.

Hata hivyo, nisingependa walimu waishie hapo, wakafanya kosa la upande wa pili. Miguu ya watoro inatuambia wapi palikuwa afadhali kuliko mashambani, wala haituambii kuwa palikuwa pema. Witu haikuufuta utumwa. Mtoro aliyepokewa aliingia chini ya himaya ya mkubwa fulani, akamlimia na kumpigania. Na dola isiyo na forodha ililazimika kula kwa njia nyingine: wafuasi wa Simba walishambulia mashamba ya bara, wakateka mifugo na watu, na baadhi ya waliotekwa waliuzwa. Wapokomo wa mtoni, ambao tayari walikuwa wakibanwa na majirani wafugaji wenye silaha, hawakuwa na sababu kubwa ya kuiona Witu kama kimbilio. Ukiwauliza waliokimbilia, utapata sifa. Ukiwauliza walioporwa, utapata laana. Mwenye kutaka kuijua serikali sharti awaulize wote wawili, na kuanza na yule aliye mbali zaidi na baraza la mtawala.

Simba alikuwa mwepesi wa kutambua udhaifu wake. Alijua kwamba siku Unguja itakapoamua kumfikia kwa nguvu zake zote, msitu hautatosha. Akatafuta rafiki aliye mkubwa kuliko Unguja. Mwaka wa 1867 Mjerumani Richard Brenner, aliyekuja kutafuta habari za msafara wa von der Decken aliyeuawa katika Mto Juba, alifika Witu. Simba akamwomba ulinzi wa Prussia. Berlin wakati huo haikuwa na hamu. Simba akangoja. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipoanza kuzungukazunguka Tana na kufanya urafiki naye, alikuwa tayari mzee mwenye jibu lililokuwa likisubiri swali.

Tarehe 8 Aprili 1885 aliwakabidhi ndugu hao eneo la maili 25 za mraba, na tarehe 27 Mei mwaka uo huo Ujerumani ikatangaza Witu kuwa chini ya ulinzi wake. Barghash alikasirika, akaandaa askari. Mwezi wa Agosti manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake Unguja, naye akanyamaza. Fikiria furaha ya Simba: mtu aliyekimbizwa kutoka kisiwa hadi mto, na kutoka mto hadi msitu, sasa amemwona adui yake akitetemeshwa bila yeye kufyatua risasi.

Furaha hiyo ilikuwa na bei. Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa Ulaya zikagawana ramani. Witu ikaachiwa ukanda wa pwani kuanzia Kipini hadi mwisho wa Ghuba ya Manda upande wa kaskazini, huku kisiwa cha Lamu kikitambuliwa kuwa cha Unguja. Pate, nchi ya baba zake, aliyoipigania ujana wake wote, hakurudishiwa na rafiki aliyemtafuta mwenyewe. Kufikia mwaka wa 1889 Simba alikuwa amefariki, na jamaa yake Fumo Bakari akashika kiti.

Je, ulikuwa uamuzi wa kipumbavu? Hapa napo watu hulinganisha vibaya. Wako wamlaumuo kwa kuiuza nchi kwa Wazungu, wakimlinganisha na mtawala wa kufikirika ambaye angebaki huru milele. Mtawala huyo hakuwako. Katika pwani yote, toka Mogadishu hadi Kilwa, hakuna mji uliobaki bila bendera ya kigeni kufikia 1895. Watu wa kulinganishwa na Simba ni wale waliokuwa na karata kama zake: Mbaruk bin Rashid wa Gasi, aliyepigana na Unguja, akapatana, akapigana tena na Waingereza mwaka wa 1895, akaishia uhamishoni katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, au wana wa Mataka waliopigana hadi ngome ikaanguka. Ukimweka Simba miongoni mwa hao, utaona kwamba aliipatia dola yake karibu miaka 30, na kwamba alifia mjini mwake mwenyewe. Si haba.

Aliyolipa deni ni mrithi wake. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ilitia sahihi mkataba na Uingereza, ikaiachia Witu, nayo ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini pamoja na mambo mengine. Hakuna aliyemwuliza Fumo Bakari. Miezi miwili baadaye Mjerumani aliyeitwa Küntzel alifika na wenzake kwa kazi ya mbao, akagombana na wenye mji, akataka kutoka langoni kwa nguvu, bunduki zikalia, na Wajerumani kadhaa wakauawa. Uingereza ikadai Fumo Bakari aende kuhukumiwa, hakwenda. Mwishoni mwa Oktoba 1890 Admeri Fremantle alipanda kutoka pwani na askari wake, na tarehe 27 mji wa Simba ukashikwa na kuteketezwa kwa moto. Fumo Bakari alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Fumo Omari akaendeleza upinzani katika misitu ya Pumwani na Jongeni, hata ukahitajika msafara mwingine wa kijeshi mwaka wa 1893, mwaka ule ule Kampuni ya IBEA ilipoinua mikono na kujitoa Witu.

Angalia hoja iliyotumiwa kuuchoma mji ule: serikali iliyoshindwa kulinda uhai wa wageni langoni pake haistahili kuwa serikali. Mimi siikatai hoja hiyo. Ninachodai ni kwamba mizani ile ile ipimie wote. Tarehe 3 Machi 1959, kwenye mto huu huu wa Tana, wafungwa 11 wa kizuizini waliuawa kwa marungu huko Hola, wakiwa mikononi mwa serikali ya wale wale waliouhukumu mji wa Witu. Tangazo la kwanza la serikali lilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Mwezi wa Julai mwaka huo, katika Bunge la London, mbunge wa chama tawala aitwaye Enoch Powell alisimama akawakemea wenzake kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Ulaya na kingine kwa Afrika. Ni Powell yuyo huyo ambaye mwaka wa 1968, mjini Birmingham, alitoa hotuba ya chuki dhidi ya wahamiaji weusi. Mtu aweza kushika mizani sawasawa siku moja na kuiangusha siku nyingine. Walimu wa uraia wasisite kuwaonyesha wanafunzi siku zote mbili.

Na baada ya uhuru? Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika eneo la Garsen na vijiji vya delta, Wapokomo na Waorma, wanawake na watoto wakiwamo. Asubuhi moja tu, tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa kilipoteza watu zaidi ya 50. Fumo Bakari alipoteza mji wake kwa sababu ya watu wasiofika hata 15. Tume iliundwa, askari wakaongezwa, viongozi wakatembelea waliofiwa. Mwanafunzi akitaka kuilinganisha jamhuri na Witu, asianze na lami wala umeme, ambavyo Simba hakuvijua. Aanze na swali lile walilomwuliza mrithi wake kwa mizinga.

Nitaongeza mfano mmoja wa siku hizi, kwa kuwa nimeusikia mara nyingi ukitumiwa kuwasimanga watu wa Tana. Husemwa: tazama Mwea, mchele unatoka, tazama Bura, fedha za Benki ya Dunia zilimwagwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mradi ukadorora kufikia 1990, basi wakulima wa Bura ni wavivu. Asemaye hivyo haelezi kwamba maji ya Mwea hushuka yenyewe kutoka mitoni kwa mtelemko wa mlima, ilhali ya Bura kwa miongo mingi yalivutwa kwa pampu za dizeli kule Nanigi. Pampu ikikosa mafuta au kipuri, pamba hukauka, hata mkulima awe na bidii ya namna gani. Kilichopaswa kulinganishwa ni uamuzi wa waliochora ramani. Mkulima alilinganishwa kwa sababu yeye hana msemaji.

Kuhusu Witu, Waingereza waliisimika serikali yao, na mwaka wa 1895 wakamweka Omar bin Hamad kuwa sultani chini ya uangalizi wao. Mtu angetegemea kwamba, wanyang'anyi wakiisha kuondolewa, nchi ingestawi kuliko zama za Simba. Mwingereza Fitzgerald, aliyeipita nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1890 akitafuta mahali pa kilimo kikubwa, alisifu sana rutuba ya udongo wake. Lakini wakulima waliokuwa wameulisha mji ule walikuwa wametawanyika misituni baada ya moto, na rutuba haijilimi.

Wakati huo huo mto nao ulikuwa ukifanya yake. Kati ya Tana na Ozi palikuwa na mfereji uitwao Belezoni, uliochimbwa kwa mikono katika karne ya 19, mwembamba, wa kupitisha mitumbwi tu. Mwaka wa 1889 watu wa Fumo Bakari walisimama hapo kudai ushuru, na Waingereza na Wajerumani wakaandikiana barua kali juu ya nani mwenye haki ya kuupokea. Katika miongo ya mwisho ya karne hiyo Tana yenyewe ilianza kuingia katika mfereji ule, ikaupanua msimu hadi msimu, ikaliacha domo lake la kale upande wa kusini. Leo maji makuu ya Tana huteremka kwa njia hiyo, yakapita Kau, na kuingia baharini Kipini.